Grafini Gani? Niambie Kwanza Mmeibandika Nini

Wiki iliyopita niliandika mistari minne tu. Nilisema gari linalopakwa "koti la grafini" pale Kamakis kwa shilingi 35,000 halijapakwa grafini ya kutosha hata kuandika jina la mwenyewe. Basi, hiyo tu. Kufikia jioni komenti zilikuwa zimepita mia tatu. Wengine walicheka, wengine wakauliza maswali ya maana, na kikosi kimoja kikaja na wimbo mmoja: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unajua nini kuhusu kemia?

Sawa. Tulimalize hilo ndio tusonge. Niliacha chuo kwa sababu karo ilishinda nyumbani. Karo ikikosekana wanakufungia kwenye mfumo, hawakufungii kichwa. Na hata kama singewahi kuona mlango wa maabara, hesabu ninazoleta hapa chini unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Ukiona nimekosea, nionyeshe mstari. Usinionyeshe gauni la mahafali.

Mbona nimeamua kuandika ndefu hivi juu ya kitu ambacho wengi wenu hamjali? Kwa sababu neno hili sasa limekuwa kama royco, linatiwa kila sufuria. Oili ya injini ina grafini. Pawabenki ina grafini. Kioo cha simu, betri ya nduthi, soksi za kuondoa harufu, zote grafini. Hapo Ruiru nimeona hadi mafuta ya nywele. Halafu ukifungua grupu la WhatsApp la mtaa unakuta mjomba wa mtu bado anatuma ile sauti ya 2021 kwamba chanjo ilikuwa na grafini ya kututawala akili. Kwa huyu ni muujiza, kwa yule ni sumu, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kukuambia ni grafini gani anayoiongelea. Hapo ndipo shida iko. Grafini si kitu kimoja. Ile uliyobandikwa oksijeni si sawa na ile iliyobandikwa naitrojeni, na zote mbili si sawa na ile tupu. Anayeuza bila kusema ni ipi anakuuzia neno.

Twende polepole. Kaboni iliyo kwenye penseli yako, Watanzania wanaiita kinywe, imejengwa kama rundo la shuka nyembamba mno. Kila shuka ni kaboni zilizoshikana pembe sita sita, kama sega la nyuki, unene wa atomu moja. Shuka moja likitolewa peke yake ndilo grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walilitoa kwa selotepu, wakibandua na kubandua, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Shuka hilo lina nguvu kupita chuma cha pua na linapitisha umeme na joto vizuri ajabu. Hadi hapo matangazo yako sawa.

Sasa jaribu kulitumia. Umewahi kusukuma chapati kumi ukazipanga mbichi bila kunyunyizia unga katikati? Ukirudi unakuta donge moja. Grafini tupu ndivyo ilivyo. Ukiitia kwenye maji inakataa kuchanganyika, shuka zinatafutana, zinashikana, na baada ya muda una unga wa penseli umelala chini ya chupa. Kwenye rangi, kwenye oili, kwenye plastiki, shida ni ile ile. Ndiyo maana wanakemia hawaiachi tupu. Wanaibandika vitu. Unga wa katikati ya chapati, kwa lugha yetu, ni vikundi vidogo vya kemikali vinavyogongomelewa juu ya shuka na kwenye kingo zake, ili shuka zisishikane na ili zikubaliane na kile unachotaka kuzichanganya nacho.

Na hii kazi ni kongwe kuliko jina lenyewe. Benjamin Brodie, kule Oxford, alishachoma kinywe kwa asidi na chumvi kali mwaka 1859 akapata oksaidi yake, miaka 145 kabla ya selotepu ya Manchester. Mwaka 1958 Hummers na Offeman wakaleta njia ya haraka zaidi, ya asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, ambayo ndiyo babu ya njia nyingi zinazotumika viwandani hadi leo. Kinachotoka ni oksaidi ya grafini: shuka lile lile, lakini limejaa oksijeni juu na pembeni. Hiyo sasa inapenda maji. Inatawanyika vizuri kabisa, rangi yake ya kahawia kama chai ya rangi.

Lakini hakuna cha bure, na hapa naomba usome pole pole kwa sababu ndipo wauzaji wanapopita mbio. Kwenye shuka tupu kila kaboni imeshika wenzake watatu, na ina elektroni ya nne inayozurura juu ya shuka lote. Hiyo inayozurura ndiyo inayobeba umeme. Ukibandika oksijeni juu ya kaboni ile, elektroni yake ya nne inaitwa kazini kumshika mgeni. Haizururi tena. Umeme ukifika hapo unakuta barabara imechimbwa mtaro na hakuna dereva wa kuupita. Bandika oksijeni za kutosha na shuka lililokuwa bingwa wa kupitisha umeme linakuwa kizuizi. Manchester wenyewe walionyesha jambo hili kwa namna nyingine: mwaka 2009 wakabandika hidrojeni, mwaka 2010 wakabandika florini, na mara zote mbili kile kilichotoka hakikuwa tena kipitishi cha umeme kama mama yake.

Unaweza kuing'oa oksijeni baadaye, kwa joto au kwa kemikali. Hata vitamini C imetumika. Umeme unarudi kiasi. Mashimo yanabaki, na shuka zinaanza tena tabia ya kushikana. Kuna pia njia ya upole, ambapo unalaza molekuli bapa juu ya shuka bila kugongomelea chochote, kama kitambaa juu ya meza. Umeme hauharibiki, lakini kitambaa kinaweza kuteleza kikatoka. Kila njia ina bei yake. Ndiyo maana mtu akikuambia bidhaa yake inachanganyika na kila kitu na papo hapo inapitisha umeme na joto kama ile ya Nobel, anakuambia amekula keki yote na bado iko kwenye friji.

Rudi sasa Kamakis na Probox nyeupe.

Tabaka moja la grafini linameza asilimia 2.3 ya mwanga unaopita. Hii ilipimwa, si makisio. Unene wa tabaka moja kwenye rundo ni kama nanomita 0.34. Tuseme koti linalopakwa lina unene wa maikromita moja, ambao ni sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Kama lingekuwa grafini tupu, hapo ungekuwa na tabaka karibu 2,900. Gari lako lingetoka jeusi kama sufuria ya githeri ya shule. Sawa, labda ni asilimia moja tu ya koti. Asilimia moja ni kama tabaka 29. Zidisha 0.977 kwa 0.977 mara 29 uone: inabaki nusu ya mwanga. Na mwanga unapita mara mbili, ukienda kwenye rangi na ukirudi machoni, kwa hivyo inabaki robo. Probox nyeupe ingeondoka hapo ikiwa ya kijivu na mwenyewe angezua vita. Magari meupe yanatoka pale meupe. Fanya hesabu yako kiasi gani cha grafini kimo kwenye ile chupa.

Muuzaji mjanja ana jibu. Mmoja alinipigia, na nitamheshimu kwa kutomtaja. Akasema, "Bro, hiyo si grafini tupu, ni oksaidi ya grafini, haimezi mwanga hivyo." Vizuri! Hapo ndipo nilitaka tufike. Kama ni oksaidi, basi futa kwenye bango lako maneno "inatawanya joto kama grafini" na "haivuti vumbi kwa sababu inapitisha umeme". Huwezi kukopa rangi ya binamu na misuli ya baba. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ningependa kufanya video naye kwa elfu kumi.

Nilikataa, na sisemi hivyo ndio mnipigie makofi. Elfu kumi ni kodi yangu ya nyumba. Nasema kwa sababu video za namna hiyo ziko kumi na tano hivi kwenye simu yako sasa hivi, na waliozifanya ni wenzangu, watu ninaowajua. Wanasoma karatasi waliyopewa. Wakiulizwa kwenye komenti wanajibu kwa emoji ya moto.

Kuwa sawa na watu wa magari: koti lenyewe si bure kabisa. Gari litang'aa, maji yatateleza. Hiyo ni kazi ya silika na ndugu zake za jamii ya silikoni zilizomo kwenye chupa, ambazo zilikuwa zikiuzwa kwa jina la "seramiki" kabla neno jipya halijaja na kuongeza elfu kadhaa. Mwenye gari la kupaka koti la 35,000 atalala vizuri hata akidanganywa. Simlilii sana.

Ninayemlilia ni jirani yangu wa Kimbo.

Jirani ana nduthi ya umeme. Betri ilipochoka, akakopa kwa chama na kununua nyingine iliyoandikwa grafini kwa herufi za dhahabu. Aliambiwa itachaji haraka kuliko lithiamu na itadumu miaka. Kufikia mwezi wa nane haikuwa inamtoa Kimbo hadi Thika mjini na kumrudisha. Anafika Juja anaanza kuomba Mungu. Mkopo wa chama bado anaulipa, na wanachama, mnajua chama, hawataki kusikia habari ya betri.

Nilimsaidia kuibeba. Sikuhitaji kuifungua. Ile betri ilikuwa imeandikwa volti 60 na amp-saa 20, ambayo ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi na asidi, hii ya kawaida ya magari tangu zamani, inabeba kama wati-saa 35 kwa kila kilo. Gawanya: kilo 34. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti inabeba mara tatu ya hiyo au zaidi, kwa hivyo ingekuwa kilo 11 au 12 hivi. Tulipoiweka kwenye mizani ya mwuza viazi, ilisoma kilo 33 na nusu. Mama mwenye viazi akauliza kama tunauza chuma.

Ni betri ya risasi. Imewekwa kaboni kidogo kwenye bamba, pengine ndiyo hiyo wanaiita grafini. Na nitakuwa mkweli hapa pia: kaboni kidogo kwenye bamba hasi inasaidia kweli, inapunguza ile salfeti inayoganda na kuua betri. Viwanda vya China vinauza betri za namna hii kwa pikipiki ndogo na kule kila mtu anajua ni za risasi, zilizoboreshwa. Ikifika hapa, neno "risasi" linaanguka baharini, linashuka Mombasa neno "grafini" peke yake. Mtu wa nduthi anayeishusha betri hadi chini kila siku atapata mizunguko mia kadhaa kwenye risasi. Kwenye lithiamu ya fosfeti angepata elfu mbili na zaidi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza mkopo na betri bado iko hai, na kumaliza betri mkopo ukiwa bado uko hai.

Mtasema ni wauzaji wa huku kwetu tu. Hapana. Mwaka 2018 watafiti, Novoselov mwenyewe akiwa mmoja wao, walichukua unga kutoka kwa kampuni 60 za Amerika, Asia na Ulaya zilizokuwa zikiuza "grafini" kwa wanasayansi na viwanda. Wakapima. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Hakuna hata moja iliyozidi asilimia 50. Zilizobaki zilikuwa kinywe kilichosagwa. Yaani watu wenye hadubini na pesa walikuwa wanauziwa unga wa penseli na wanasema asante. Sasa wewe na mimi kwenye stendi ya Ruiru, tukiwa na macho mawili na tochi ya simu, tutajuaje?

Na wanasayansi wenyewe wana makosa yao. Kwa miaka ilikuwa kama desturi: chukua grafini, bandika elementi yoyote, pima, andika kwamba imekuwa bora, chapisha. Mwaka 2020 kikundi cha Prague kikiongozwa na Martin Pumera kikachoka. Wakachukua mavi ya ndege, ndiyo, mavi, wakayatia kwenye grafini, wakapima uwezo wake wa kuharakisha mmenyuko wa umeme, na ukapanda. Kwa sababu mavi yana naitrojeni, fosforasi, salfa, kila kitu. Wakachapisha kwenye jarida kubwa kabisa na kuuliza waziwazi kama taka yoyote ukiitia grafini itaongeza kitu. Nilipoisoma nilicheka hadi mwenzangu wa chumba akaniuliza kama niko sawa. Kwa idadi ya kuku tulio nao Kiambu, tungekuwa tunaongoza dunia.

Sasa upande wa pili, akina mjomba wa WhatsApp. Msidhani nimewasahau.

Mwaka 2021 nilikuwa sekondari. Chanjo za kwanza za AstraZeneca zilitua JKIA tarehe 3 Machi. Katikati ya mwaka ule ule uvumi ukaanza Ulaya kwamba chanjo zimejaa oksaidi ya grafini, na ukafika hapa kwa kasi ambayo chanjo yenyewe haikufika. Watu wakabandika sarafu na sumaku mkononi wakijirekodi. Oksaidi ya grafini haimo kwenye orodha ya viambato vya chanjo hizo. Na hata ingekuwemo, kinywe hakivutwi na sumaku. Kinasukumwa, tena kidogo sana hata huwezi kuhisi. Sarafu inashika mkono kwa sababu ya jasho. Jaribu sasa hivi, na uniambie kama umechanjwa au la.

Kinachoniudhi kwenye uvumi ule ni kwamba ulifunika swali la kweli. Aprili 2021 wizara ya afya ya Kanada iliwaambia watu waache kuvaa barakoa fulani zenye grafini, kwa sababu vipande vidogo vingeweza kuvutwa hadi mapafuni na usalama wake ulikuwa haujathibitishwa. Hilo lilikuwa swali zuri, na lilihitaji jibu la polepole. Mwaka 2024 watafiti wa Edinburgh na Manchester wakachapisha matokeo ya watu 14 waliojitolea kuvuta oksaidi ya grafini nyembamba, safi sana, kwa kipimo kidogo kilichodhibitiwa. Hawakuona madhara ya haraka. Soma vizuri: nyembamba, safi, kidogo, ya haraka. Haisemi chochote kuhusu fundi anayepulizia koti la gari bila barakoa siku sita kwa wiki, kwenye banda la mabati, na hajui hata kilichomo kwenye chupa. Kijana yule wa banda, umri wangu, ndiye ninayetaka mjomba amwonee huruma. Ila mjomba ana kazi ya kutafuta sumaku.

Na kuna nyinyi mnaonitumia video za "tengeneza grafini nyumbani". Naomba sana. Asidi ya betri na pamanganeti mnayowekea kuku maji zikikutana vibaya zinaweza kutoa kimafuta kinacholipuka kikipita nyuzi 55 tu, na bafu la hosteli ya Juja halina mahali pa kukimbilia. Na hata ukipona, yale maji ya kuoshea, yenye asidi na manganizi, utayamwaga wapi? Ndarugu? Kuna watu wanamwagilia sukuma wiki huko chini.

Ningetaka kubishana juu ya mambo ya maana zaidi, kusema kweli. Thika ni mji wa viwanda vya ngozi na nguo tangu babu zetu. Maji ya viwanda vya namna hiyo hubeba rangi na kromiamu, na hapa ndipo kubandika kunaweza kuwa na faida kwetu. Oksaidi ya grafini ikiwa majini ina chaji hasi, kwa hivyo inanyakua rangi zenye chaji chanya kama methilini ya bluu. Lakini kromiamu ikiwa kwenye ile hali yake ya hatari inatembea majini ikiwa na chaji hasi. Hasi na hasi zinasukumana. Oksaidi ile ile iliyoshinda kwenye rangi itashindwa hapa, hadi uibandike vikundi vya amini, vinavyobeba chaji chanya kwenye maji ya asidi, ndipo ianze kunyakua. Shuka ni lile lile, kilichobandikwa kimebadilika, kazi imebadilika. Hii ndiyo sababu nimeng'ang'ana na swali langu moja tangu mwanzo.

Na hata hapo ningeuliza kwanza: je, mkaa hautoshi? Tuna maganda ya makadamia ya kujaza malori kutoka Thika hadi Makuyu, na mkaa mzuri wa kuchujia maji unatengenezwa kutokana nayo, bila asidi kali na bila jina la kizungu. Mtu akija na mradi wa "grafini kwa maji safi" na hajalinganisha na mkaa wa makadamia, huyo anatafuta picha na waziri.

Wengine mmesema Afrika itatajirika kwa sababu tuna kinywe. Kipo kweli, Lindi na Mahenge kwa jirani zetu, Balama huko Msumbiji. Tanzania imejipatia hisa asilimia 16 kwenye mgodi wa Mahenge kwa mkataba wa Desemba 2021, na hongera kwao. Lakini angalia kilichotokea Desemba 2023: China ilipoanza kutaka vibali kwa kinywe kinachotoka nchini mwake, viwanda vya betri dunia nzima vilishtuka, ingawa mawe yapo Afrika. Kwa nini? Kwa sababu kusafisha, kulainisha na kubandika kunafanyika kwao. Tukibaki na koleo tutanunua betri za herufi za dhahabu milele.

Basi nataka nini? Sitaki KEBS ipige marufuku chochote, ikianza hivyo itaishia kumfukuza mama anayeuza kava za simu. Maana ya neno ipo tayari. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, liliandika mwaka 2017: tabaka moja ni grafini, hadi kumi unaweza kuiita grafini ya tabaka chache, ukipita hapo hiyo si grafini. Mwaka 2021 wakatoa na namna ya kuipima kwenye unga. KEBS iseme tu kwamba anayeandika neno hilo kwenye chupa au betri auandike pia mambo mengine ya kweli: tabaka ngapi, kiasi gani, imebandikwa nini. Na betri iandikwe ni ya risasi au ni ya lithiamu, kwa herufi kubwa kama zile za dhahabu. Hiyo haigharimu serikali hata shilingi ya wino.

Na vyuo vyetu. Kutoka Ruiru hadi Thika huwezi kurusha jiwe bila kumgonga mwanafunzi wa sayansi. Kila mwaka kuna miradi ya mwisho inayorudia ya mwaka uliopita, inafungwa kwa waya wa plastiki na kuwekwa kwenye rafu. Mhadhiri mmoja tu aseme: mwaka huu mtanunua bidhaa kumi zilizoandikwa grafini hapa Thika, mtazipiga kwa mashine ya Raman, na mtaandika mlichokiona. Mwanga wa leza unaonyesha kama ni shuka chache au ni rundo la penseli, na unaonyesha kama shuka limetobolewa kwa kubandikwa. Nikiwa bado ndani ningeuomba mradi huo kwa magoti. Niko nje, kwa hivyo nauomba kwa maandishi. Mwanafunzi atakayeufanya, nitalipia chupa mbili za kwanza.

Kwa watu wa nduthi: Jumamosi hii nitakuwa Ruiru, karibu na stendi, kuanzia saa nne asubuhi. Mama wa viazi amekubali kutuazima mizani akimaliza wateja wa asubuhi. Leta betri yako na uje umesoma volti na amp-saa zilizoandikwa. Sitakutoza kitu. Ila mje wawili wawili tafadhali, ile ya jirani ilinivunja mgongo.